Mbwa wa Mama Mkwe

Alikuwa anajilamba. Alianzia vidole vya miguu ya mbele, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemalizia mchuzi mkononi, kisha akapanda kifuani, akajikunja, akafika ubavuni. Manyoya yake yalikuwa yameshikana vishungi vishungi, yakidondosha maji ya rangi ya tumbaku, na maji hayo alikuwa anayameza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, hatua ishirini kutoka alipolala, na bakuli la uji mkononi. Nilijua vizuri anachokilamba. Mtu mwingine yeyote pale kijijini angeweza kujitetea kwamba hakujua, isipokuwa mimi.

Nimeishi miaka mingi tangu mchana ule, na nimeona mambo ya kutia kinyaa ya kumtosha mtu. Nimezika ng'ombe waliovimba mpaka ngozi ikaachia. Nimekunywa maji ya bwawa ambalo fisi alikuwa amefia humo, nikaambiwa baada ya kushiba. Yote hayo yamepita. Lakini ule ulimi mdogo mwekundu, unaokwenda na kurudi bila haraka, ukinijia nikiwa nakula nasukuma sahani mpaka leo.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikianzia hapo mtu atadhani nilikuwa namchukia mbwa tu. Nilimchukia kweli, sitaficha. Ila chuki yangu kwa mbwa ndiyo sehemu safi ya habari hii.

Kabla ya operesheni ya vijiji tulikuwa tumetawanyika vilimani huku kwetu Tarime, kila ukoo na boma lake. Tukaambiwa tuteremke tukae pamoja. Maofisa wakaja na kamba na vigingi, wakapima mistari iliyonyooka, nyumba hadi nyumba hatua ishirini, wakagawa viwanja kwa namba. Mimi nilipata kumi na saba. Kumi na nane alipewa Bernadetha, mama yake Rhobi, mke wangu.

Asiye wa kwetu hataona ubaya wake mara moja. Sisi Wakurya, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali mahali pamoja wala hawasemezani. Tunaiita ensoni, aibu ya heshima. Zamani ilikuwa kazi rahisi, mkweo yuko kilima cha pili na mnaonana msibani tu, kila mtu na upande wake. Sasa mlango wangu ulitazamana na mlango wake. Nilimfuata ofisa mwenye kamba nikamweleza. Akanijibu kwamba kamba ya serikali haina mkwe, akaenda kupigilia kigingi kingine.

Basi tukakaa. Lakini watu hawawezi kukaa hatua ishirini wasihitajiane, na mila yenyewe ina uchochoro wake. Bernadetha akitaka nijue jambo na Rhobi hayupo, alinipa mgongo akakiambia chungu chake, kwa sauti ya kutosha, kwamba kesho kuna mkutano na asiyejua atachelewa. Mimi nilisikia nikawahi mkutanoni. Nami nikiona nyoka upande wa choo chake, nililiambia jembe langu. Yeye alisikia akachukua fimbo. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Tuliishi hivyo miezi minane, na kusema kweli tulielewana kuliko wakwe wengi wa siku hizi wanaokumbatiana stendi.

Kilichonikera ni mbwa.

Bernadetha alipika miaka ishirini kwenye hospitali moja ya misheni, kule njia ya Mugumu. Mzungu aliyekuwa mkuu wa wauguzi, waliyemwita Sista, alikuwa na kijibwa cheupe alichokuja nacho kutoka kwao, cha kupakatwa. Kijibwa kile kikakutana na mbwa koko aliyezoea kulala nyuma ya jiko, na matokeo yake ndiyo huyu. Sista alipofunga virago alimwachia mpishi wake. Bernadetha alimwita Biskuti, kwa rangi yake, na alipokuja kuchukua kiwanja namba kumi na nane alikuwa na masanduku mawili, vyungu vitatu, na kikapu chenye mbwa ndani.

Sijawahi kuona kiumbe kilichokosewa namna ile. Kimo chake hakikuzidi buti. Miguu mifupi, imepinda nje, na juu yake mwili mrefu kama wa mbwa mwingine kabisa. Meno ya chini yalitangulia yale ya juu, kwa hiyo hata akiwa amefunga mdomo alionekana anakukenulia. Macho yalitoa machozi saa zote, na machozi yakaganda chini ya macho yakawa tope la kahawia. Manyoya marefu, malaini, yaliburura kila kilicholala njiani, mavi ya ng'ombe yakiwemo, kisha akaja na mzigo wake huo kujisugua mlangoni kwa watu. Mbwa wetu ni mbwa. Analala nje, anakula anachokiona, mwizi wa ng'ombe akija anamfahamu. Huyu alilala ndani, kwenye gunia lililokunjwa, miguuni pa mtu mzima mwenye wajukuu.

Na maswali yote yakaja kwangu. Nilikuwa mhudumu wa josho la kijiji, pale ng'ombe wanapotumbukizwa kwenye dawa ya kupe, niliyesomea wiki mbili pale Tarime mjini, na kwa sababu hiyo watu waliniita Daktari. Walikuja, wengine wanacheka na wengine wanataka kujua kweli. Huyu bado ni mtoto, au ndiyo amekwisha kukua? Akipandishwa kwa mbwa wetu atazaa kitu gani? Anauma? Ni kweli asipokatwa manyoya anapofuka? Mbona anaoga kila Jumamosi, na asipooga atakufa? Mimi nilijibu yote. Nilisema ataongezeka kimo masika yakija. Nilisema aina ile haiumi kwa sababu ina damu ya mzungu. Sikujua lolote, lakini mtu akikuita Daktari ukamjibu hujui, kesho atakuita jina lako.

Aliyejua alikuwa Bernadetha, na mimi nilimsikia, maana alipenda kuwaeleza wanawake waliokuja kuomba moto. Kwamba mbwa mdogo tumbo lake ni dogo, apewe kidogo asubuhi na kidogo jioni, ugali mwepesi na dagaa wasio na chumvi. Kwamba macho yanafutwa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kuanzia ndani kwenda nje. Kwamba masikio yaliyolala hushika uchafu, lazima yafunuliwe. Alisema hivyo huku amempakata, anamchana kwa kitana kile kile alichojichania mwenyewe. Nilikuwa natazama pembeni, kama inavyopasa, lakini kitana nilikiona, na mate ya kichefuchefu yalinijaa mdomoni.

Na sabuni, jamani. Duka la kijiji lilipata sabuni mara moja kwa miezi miwili, tukagawiwa kwa kaya, na yeye fungu lake alilimalizia kwa mbwa. Mwenyewe aliogea majani ya mpapai.

Zaidi ya yote, mbwa yule alinitangaza. Macho ya Bernadetha yalikuwa yameingia ukungu, mtu akiwa mbali alimwona kama gunia lililosimama. Asingeweza kujua anayekuja ni mkwewe au ni muuza chumvi. Biskuti ndiye aliyemjulisha. Wengine aliwabwekea ovyo tu, lakini mimi alinibwekea mara mbili, akanyamaza, akarudia mara mbili, na pale pale mama mkwe alivuta kanga usoni akaingia ndani. Kwa sababu ya mlio ule aliweza kukaa uani kwake mchana kutwa, akatwanga, akaota jua, akaongea na watu, bila hofu ya kunikuta uso kwa uso. Nililijua hilo. Kila mtu alilijua. Mimi nililiona kama dharau, mwanamume aliyetahiriwa kupigiwa makelele kila atokapo kwake kama kibaka.

Mvua zilipopungua mwaka ule kupe walizidi. Dawa ya josho ilikuwa haijaletwa kwa miezi mitatu, na kupe walining'inia kwenye viwele vya ng'ombe kama zabibu. Biskuti, na manyoya yale, alikuwa shamba lao. Siku moja alilala kizingitini kwangu, na jioni nikakuta kupe mmoja kitandani, mnono, wa kijivu, ukubwa wa harage. Nilimkuta kwa kiganja, nilipojiegemeza. Alipasuka. Nilinawa mara nne na usiku kucha nilihisi kiganja kinanata.

Bernadetha hakuweza kuwaona kupe, ila aliwagusa. Ndipo akamtuma Rhobi. Ombi lenyewe lilikuwa la adabu kabisa: kama mkwe wake atapata nafasi siku ya josho, amtazamie Biskuti masikio, awatoe wale kupe mmoja mmoja kwa mkono, kwa kitambaa, akivuta taratibu ili kichwa kisibaki ndani. Rhobi alinieleza mara mbili, akanionyesha kwa vidole jinsi ya kuvuta. Nikamwambia nimesikia. Alhamisi alfajiri alinikabidhi kikapu na mbwa ndani yake, naye akaenda na wenzake kupalilia shamba la kijiji.

Dawa ilikuwa imefika siku mbili kabla, pipa zima, jipya, lenye picha ya fuvu. Bwana mifugo alikuwa amesimamia tulipoimimina, akarudia mafunzo. Ng'ombe wanyweshwe maji kwanza ili wasije wakanywa ya josho. Wakitoka wabaki kwenye zizi la kukaukia. Na dawa ikimwagikia mtu au ndama akailamba, aoshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kila sehemu, upesi, kabla haijaingia mwilini. Kwa ajili hiyo alinipa mche mzima wa sabuni, wa kukaa pale joshoni. Nilikubali kwa kichwa. Jioni ile ile niliupeleka nyumbani nikaufungia sandukuni.

Nilipofungua kikapu Alhamisi ile nilikunja uso. Nilifunua sikio moja. Ndani hapakuwa na sikio, palikuwa na kupe, wamepangana, wadogo chini na wakubwa juu, na katikati kidonda kinachotoa maji. Kilinuka. Nikajiona nimechuchumaa mbele ya wanaume wenzangu walioleta ng'ombe zao, nimempakata kijibwa cha mama mkwe, nachambua masikio yake kama mama anayemtoa mwanawe chawa. Nikasema la.

Nilingoja ng'ombe mia mbili wapite. Kufikia hapo maji ya josho yalikuwa mazito kama uji, mavi yanaelea juu, povu la kijani limejikusanya pembeni, na harufu inakwaruza koo. Nikamshika Biskuti kwa ngozi ya shingo nikamtupa. Hata mbwa wetu wakali hawasogei karibu na josho, harufu inawatosha. Huyu alipiga mbizi asiyoitaka, akaibuka, akaanza kuogelea huku kichwa amekinyanyua ananitazama. Nikachukua mti wangu wenye panda, ule wa kuzamishia vichwa vya ng'ombe, nikamzamisha. Alipoibuka nikamzamisha tena, maana sheria ni mara mbili. Wanaume walicheka, nami nilicheka. Alitoka upande wa pili akitapika, akajikung'uta, akapenya chini ya mbao za zizi la kukaukia ambazo ndama hawawezi kupita, akakimbia nyumbani.

Niliporudi jua lilikuwa kichwani. Kisyeri, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa ananingoja. Alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake ulikuwa redio, ukimwambia jambo asubuhi, jioni linazungumzwa Nyangoto. Nikampa kigoda, tukamimina uji. Alikuwa ameshapata habari za mbwa joshoni na zilimfurahisha sana.

Upande wa pili Bernadetha alikuwa ameketi kwenye ngozi kivulini, ametupa mgongo, kanga kichwani. Alikuwa amenusa. Alimshika mbwa, akahisi majimaji, akacheka kidogo peke yake, kisha akakiambia kinu kwamba leo Biskuti ameogeshwa kwenye josho la serikali pamoja na ng'ombe, na aliyefanya hivyo ana mkono mwema. Kisyeri alinigusa goti. Nilivimba kichwa, wallahi nilivimba.

Ndipo mbwa alipolala chini akaanza kujilamba.

Nadhani nilielewa alipofika kifuani. Mafunzo yote ya bwana mifugo yalinijia kwa mpigo, fuvu la kwenye pipa, ndama, maji mengi na sabuni. Ng'ombe mwenye manyoya mafupi anakauka upesi. Huyu alikuwa amebeba dawa kwenye manyoya kama mtu aliyebeba maji kwenye blanketi, na alikuwa anaikamua kwa ulimi. Sabuni ilikuwa ndani, hatua sita nyuma yangu. Nilikunywa uji.

Si kwamba sikujua la kufanya, wala mila haikunifunga. Ningeliambia bakuli. Ningesema tu, bakuli, mbwa yule aoshwe sasa hivi na asiachwe ajilambe, na mama mkwe angesikia na angekuwa ameshamtumbukiza kwenye beseni kabla sijamaliza. Lakini Kisyeri alikuwa amekaa pale na mdomo wake. Kufikia jioni kijiji kizima kingejua kwamba Daktari amempa sumu mbwa wa mama mkwe wake kwa sababu alishindwa kumtoa kupe.

Baada ya kitambo mbwa alianza kutetemeka, kwanza taya, kisha mabega. Mate yalimtoka, marefu, yakafika chini. Bernadetha alipitisha mkono mdomoni mwake, akautoa umejaa povu, akausogeza karibu na macho yake yasiyoona vizuri. Akageukia chungu. Sauti yake haikuwa tena ile ya kutaniana.

"Chungu, mbwa anatetemeka. Anayeijua dawa ile, naomba aseme tufanye nini."

Kisyeri alinitazama. "Daktari, ndiyo kawaida yake?"

Na mimi nikajibu, kwa sauti ya kufika hatua ishirini, kwa sababu nilitaka ifike.

"Ndiyo kawaida. Kupe wanakufa mwilini, lazima atetemeke. Itapita."

Kisyeri aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeongezewa elimu. Kule kivulini Bernadetha alishusha mabega. Nilimwona akishusha mabega. Akampandisha mbwa mapajani, ametota vile vile, akamfunika kwa pindo la kanga, akaanza kumwambia kwa Kikurya avumilie, kupe wanakufa, mkwe wake amesema. Alimpangusa mate kwa kiganja, akajifuta kwenye gauni.

Kisyeri alipoaga, nafasi ilirudi, nzuri kuliko ya kwanza. Hapakuwa na mtu mwingine tena. Niliingia ndani, nikafungua sanduku, nikautoa mche wa sabuni. Bado ulikuwa mzima, una kona zake zote. Niliushika nikaunusa. Nje mbwa alikuwa ameanza kutoa mlio ambao sijui niufananishe na nini, mwembamba, unaokatika katika. Nikafikiri kwamba nikitoka na sabuni sasa, yule mama atajua kwamba neno langu la kwanza lilikuwa uongo. Nikafikiri tena kwamba pengine itapita kweli, mbwa wana roho ngumu. Nikaurudisha mche sandukuni nikafunga. Kisha nikakaa kitandani nikatazama ukuta mpaka mlio ukaisha.

Nikisema nilijichukia wakati ule nitakuwa nadanganya. Wakati ule nilimchukia mbwa, kwamba hata kufa kwake anakufanyia vurugu. Kujichukia kulikuja polepole, na kulipokuja kulikaa.

Rhobi alirudi kama saa tisa, jembe begani. Nilisikia akimwamkia mama yake, kisha akaja mlangoni kwangu mbio. Aliniambia Biskuti amekufa, na kwamba mama ameshika mzoga mapajani hataki kuuachia, mikono yake na kifua vimelowa maji yale, na anasema ngozi inamwasha.

Hapo ndipo niliposimama. Nilifungua sanduku, nikampa mke wangu mche wa sabuni, nikamwambia amchukue mama yake sasa hivi, amvue nguo zile zote, amwoshe kwa maji mengi, mikono, kifua, mapaja, asugue, amwoshe mara tatu.

Rhobi aliutazama mche. Tangu mwezi wa pili tulikuwa hatujaona sabuni ndani ya nyumba ile.

"Hii imetoka wapi?"

"Joshoni. Ni ya kuoshea dawa. Ile dawa ni sumu, nenda upesi."

Hakwenda upesi. Alisimama akiwa ameshika ile sabuni kwa mikono miwili, akatazama sanduku lililo wazi, akatazama bakuli langu la uji pale kwenye kigoda, akatazama umbali uliokuwepo mpaka kivulini kwa mama yake. Alikuwa anaupima.

"Ulikuwepo hapa tangu saa ngapi?"

 Alinitazama kwa muda, kama ninavyotazama mimi kitu nilichokikanyaga nikiwa peku, kisha akaenda kumwosha mama yake. Nilisikia beseni, nikasikia maji. Bernadetha aliwashwa siku mbili, akapona.

Aliishi miaka sita baada ya hapo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi ndani. Hakuwa na wa kumwambia anayekuja ni nani. Mwanzoni alijaribu kukaa uani, lakini kila alipoona gunia linatembea alinyanyuka kwa hofu, akajikwaa, na mara moja alianguka akateguka kiwiko. Akaacha. Alitwangia ndani, gizani, mlango umerudishwa. Mimi nilijizoeza kukohoa nikiwa mbali, lakini kikohozi kila mtu anacho. Watu walisema mama mkwe wa Daktari anazeeka vibaya, hapendi tena jua.

Ila ninalotaka kulimaliza ni la siku ya tatu, baada ya mbwa kuzikwa nyuma ya nyumba namba kumi na nane. Jioni Rhobi aliingia na bakuli kubwa la udongo lililofunikwa ungo. Alikuwa hajanisemesha tangu Alhamisi, zaidi ya maji ya kuoga yako tayari. Akaliweka mbele yangu, akafunua. Alikuwa jogoo mzima, amepikwa kwa siagi ya ng'ombe, mapaja, kidari, firigisi, vyote. Kwetu mama mkwe akikuchinjia jogoo amekupa heshima ambayo wanaume wengine wanaikosa mpaka wanazikwa, na chakula hicho hakirudishwi, wala hakigawiwi. Unakula mwenyewe, unamaliza.

Nilimuuliza ni cha nini.

"Mama anakushukuru," Rhobi alisema. "Anasema kila mtu alimcheka mbwa wake, wewe peke yako ulimhangaikia. Anasema kufa ni kufa tu, ila alikufa akiwa ameondolewa kupe."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

Alivuta kigoda, akaketi mkabala nami. Mke wa kwetu hakai kumtazama mumewe akila. Alikaa. Mikono yake ilinukia sabuni. Nilichukua paja nikala, na nyama ilikuwa laini, nilimeza bila kutafuna na bado ilinipanda. Nikachukua la pili. Kutoka upande wa pili, nyuma ya mlango uliorudishwa, nilisikia Bernadetha akiuliza chungu kama chumvi imetosha.

Rhobi aliningoja mimi nijibu.

Nikaliambia bakuli kwamba imetosha.